Mjadala: Mtaa utupangie saa ya kuzima simu nyumbani?

Mleta mada, Kibirizi, Kigoma

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa watoto wetu limeletwa pendekezo: kila kaya izime simu na runinga kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, watoto wasome na watu wale kwa pamoja. Kura ni Jumamosi. Waliolileta wanasema tunalea watoto tukiwa tumewapa kisogo. Wanaolipinga wanasema nyumba ya mtu haiendeshwi na kikao. Mimi naunga mkono, na sababu yangu ni ya aibu kidogo.

Navua dagaa. Kazi yetu inataka giza. Mbalamwezi ikitoka taa zetu hazina maana, basi tunakaa nchi kavu siku kadhaa. Mwaka 2024 ndiyo tulikaa kwelikweli, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumue. Nikajua watoto watanichoka. Wapi! Hawakunipata hata wanichoke.

Jioni moja binti yangu wa darasa la tatu ananisimulia mambo ya shule. Mimi nimeegemea mwimo wa mlango, macho kwenye simu, kundi la wenye mitumbwi, watu wanabishana kuhusu bei ya nyavu. Anasema, naitikia "ehee". Anasema, "ehee". Akasema, "Baba, leo tumempika mwalimu." Ehee. "Tukamla na ugali." Vizuri sana mwanangu. Mama yake akaangua kicheko huko jikoni. Mtoto hakucheka. Alichukua daftari lake akaenda kukaa kwa jirani.

Najua mtasema hata redio ilikuwepo. Ilikuwepo, lakini ya marehemu mzee wangu ilikuwa na saa yake. Taarifa ya habari saa mbili usiku, nyumba nzima kimya, tunasikiliza sote, ikiisha anaizima kwa sababu betri zenyewe zimeshinda juani mchana kutwa ili zipate nguvu. Simu haina saa. Hicho ndicho kinachonishinda.

Kijana wa Mwanga

Pole kaka, ila usiisingizie simu. Baba yangu mimi hakuwa na simu, alikuwa na bao. Akitoka kazini anapitia kwa wenzake, anarudi sisi tumelala. Siku akiwahi anakaa na sisi, lakini ukimwangalia usoni unaona bado anahesabu kete. Mtu asiyetaka kuwepo hata ukimfungia chumbani na wanawe hayupo.

Na tafadhali asije mtu na ile hadithi ya umeme ukikatika familia inakaa kupiga soga. Sisi tumekulia Kigoma ya majenereta ya dizeli, kabla ya gridi ya taifa. Umeme ukikatika watu walikuwa wanalala.

Mama muuza dagaa, Kibirizi

Huyo kijana kasema kweli nusu. Mimi nina hoja nyingine. Saa kumi na mbili hadi saa moja ndiyo wanunuzi wangu wa Kasulu wanatuma ujumbe wa mzigo wa kesho. Nikizima, asubuhi nakuta wamechukua kwa mwenzangu, na dagaa niliowaanika wanabaki kunitazama. Halafu mume wangu yuko ziwani. Upepo ukivuma, ile simu ndiyo inayonipa usingizi. Mnataka niizime niwe na utulivu, utulivu upi? Akili yangu yote itakuwa majini.

Mchangiaji, Dar es Salaam (mzaliwa wa Ujiji)

Hapa kati yangu na mama pana reli ya zaidi ya kilomita 1,200. Natoka kazini saa kumi na mbili, saa moja nipo kwenye foleni ya daladala, nampigia kwa video. Ananionyesha sufuria, ananionyesha mjukuu, namsalimia jirani aliyekuja kuomba chumvi. Hiyo nusu saa ndiyo mimi nipo nyumbani. Kikao chenu kinanifukuza.

Mwalimu mstaafu, Gungu

Marahaba. Mnazungumza kama jambo hili halijawahi kupimwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walichapisha jaribio: watu walipewa maswali ya kufikirisha, simu zao zikiwa zimenyamazishwa. Wengine simu iko mezani, wengine mfukoni au begini, wengine imeachwa chumba kingine. Walioiacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko wenye simu mezani. Sitaki kulibebesha jaribio mzigo mzito, maana waliolirudia hawakupata matokeo yaleyale kila mara.

La zamani zaidi ndilo linalonigusa. Miaka ya 1970, Edward Tronick wa Marekani alimtaka mama acheze na mtoto wake mchanga, kisha akaze uso, amtazame bila kuitikia chochote. Kwa dakika chache tu. Mtoto anatabasamu, ananyoosha mikono, anajaribu kila hila aliyonayo, mwisho anageuza uso. Simu ya mkononi haikuwepo. Kwa hiyo kijana wa bao ana haki, na binti wa mvuvi ana haki zaidi.

Ila kupiga kura juu ya nyumba za watu, hapana. Runinga Tanzania Bara imeanza 1994, na mwaka huohuo nilisikia wazazi wakitaka ifungiwe. Nani aliifunga?

Kijana wa Mwanga

Mwalimu, na tamthilia za mama zinaanza saa ngapi? Hapo ndipo kura itakapoangukia, tusidanganyane.

Mleta mada

Nimecheka, lakini mama muuza dagaa kanibana. Mke wangu pia huningojea hivyohivyo nikiwa ziwani, na sikuwahi kulifikiria hilo nikiwa nchi kavu.

Jumamosi nitasimama kuomba pendekezo lirekebishwe. Ianze saa moja, wafanyabiashara wawe wamemaliza oda zao. Isiwe kuzima simu, iwe kuzima data: simu ikae juu ya kabati, mlio wazi, anayepiga apokelewe. Ndugu wa Dar, hapo video itakushinda, utampigia mama kawaida au usubiri saa mbili. Na mtaa usiwe na faini wala mjumbe wa kuchungulia madirishani, maana huko ndiko jambo lilikokuwa linaelekea.

Nyumbani kwangu nimeanza juzi bila kura. Dakika kumi za mwanzo mkono ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe. Binti kaniuliza kama simu imeharibika.