Wamiliki wa kosta Mbeya tumeletewa mfumo wa kadi za nauli, tuingie au tusubiri?

kosta_uyole

Habari zenu wakuu, hasa mlioko Mbeya na mliowahi kukaa kwenye miji yenye hii kitu. Sie ni wamiliki wachache tu wa kosta za Uyole–Mbalizi, kuna jamaa wametufuata na mfumo wa kadi. Abiria ananunua kadi, anaweka salio, akipanda anagusisha kwenye kamashine anakoshika konda, nauli inakatwa. Hela inaingia kwanza kwenye akaunti yao, kesho yake asubuhi wanatutumia wakishakata asilimia yao. Mashine wanatoa bure ila mkataba ni miaka mitatu.

Mimi binafsi nimevutiwa. Chenji peke yake ni mateso, tangu ile nauli ya 500 ipande kuwa 600 mwishoni mwa 2023 kila abiria akitoa buku konda anatafuta mia nne, asubuhi mia nne anaitoa wapi kwa watu thelathini? Ugomvi unaanzia Uyole unaishia Mafiati. Halafu na mimi nataka kujua gari yangu inaingiza ngapi kweli, maana sasa hivi naletewa hesabu tu, kiwango kilekile cha siku, kama siku ilikuwa nzuri au mbaya sijui. Wenzangu wawili wameshakubali, mimi nimeomba muda. Naombeni mawazo, hasa ya mtu aliyeiona ikifanya kazi au ikifa.

chuo_iyunga

Msisaini. Miaka mitatu kwa kitu ambacho hamjakijaribu hata mwezi, hapana. Waambieni miezi mitatu gari mbili, wakikataa basi wanajua kitu nyie hamkijui.

konda_wa_kabwe

Bosi shikamoo, mi ni konda njia hiyohiyo japo sio gari yako. Naomba nikueleze hii hela inavyotembea maana hao jamaa wa kadi sijasikia popote wanaizungumzia.

Asubuhi gari inatoka na mafuta ya kunusa, trip za kwanza ndo zinaweka mafuta, tukifika sheli tunaweka ya elfu thelathini, tukirudi tunaweka tena. Mpiga debe anataka chake kabla gari haijaondoka, ushuru wa stendi, pancha, chai ya dereva, dogo wa kuosha gari usiku, vyote hivyo vinatoka mkononi mwangu huku hesabu yako bado haijatimia. Ikitimia, kinachobaki ndo tunagawana mimi na suka, yaani dereva. Kuna siku hakibaki kitu, wewe hesabu umepata na sie tunarudi nyumbani mikono mitupu, na kesho saa kumi na nusu alfajiri tupo barabarani. Hatuna mshahara wala mkataba, wengi wetu ni deiwaka, ukiumwa siku tatu ukirudi unamkuta mwingine mlangoni.

Sasa hela yote ikiingia kwenye akaunti ije kesho, leo gari inaweka mafuta kwa hela gani? Na mimi nakula nini? Ndo maana hiyo mashine utaambiwa chaji imeisha, utaambiwa mtandao hamna, abiria wenye kadi wataambiwa toa keshi tu mama leo imegoma. Na huo sio wizi bosi. Unataka mtu akukabidhi kila shilingi wakati yeye hajui jioni atapata shilingi ngapi. Niwekee kwanza malipo yanayoeleweka, hiyo mashine naishika kwa mikono miwili, na suka hatakuwa na sababu ya kukimbizana na gari ya mbele kwenye mteremko wa Iwambi kugombania vichwa viwili.

nimekaa_kigali

Konda kaongea ukweli mtupu na naomba niongezee hapo hapo. Nimekaa Kigali kikazi, kule kadi inaitwa Tap&Go, ilianza mwishoni mwa 2015 na mpaka mtu ameizoea, unafika Nyabugogo au Remera unapanga foleni, mlangoni kuna mashine unagusisha unapita, salio likiwa halitoshi inakukatalia hapo hapo. Wakala wa kujaza salio yupo kituoni. Watu wanaenda kule wanarudi wanasema tukafanye na sisi, ila wanaangalia mashine tu. Kabla ya kadi, 2013 jiji liligawanywa kwa kanda na kila kanda ikapewa kampuni au ushirika wenye mkataba, gari zikawa chini yao, dereva akawa mwajiriwa, hana hesabu ya kupeleka kwa mtu jioni. Kadi ilikuta njia imeshasafishwa. Ila mjue pia kwamba kazi ya konda kule ilikwisha, mlangoni ni mashine na dereva peke yake, hilo nalo lisemwe wazi kwa hawa vijana kabla hawajalishtukia wenyewe.

Ukitaka kuona upande wa pili angalia Nairobi. Serikali ilitaka matatu ziache keshi kuanzia Julai 2014, tarehe ikasogezwa, mwisho ikafa kimya kimya. Kadi ya nauli ya BebaPay, ya Google na Equity Bank, ilianza 2013, mapema 2015 ikafungwa. Wamiliki wengi waliipenda kwa sababu ileile unayoisema wewe, wanataka kujua gari inaingiza ngapi. Madereva na makonda ndo walioikataa kwa sababu ileile anayoisema konda hapo juu. Na kadi zilikuwa nyingi, kila benki na yake, unashuka gari hii unapanda ile kadi yako haisomi, abiria atabeba kadi ngapi? Nyie mpo wamiliki wachache, njia ya Uyole–Mbalizi ina gari ngapi za watu wengine? Mtu yupo kituo cha Soweto hapa mjini kachelewa, akiona kosta yenu inataka kadi na nyuma kuna bajaji inapakia kwa keshi, anaingia kwenye bajaji. Bajaji hapa Mbeya zimeshawasumbua bila hata kadi.

mama_viazi

Mi naomba niulize kama abiria. Natoka Uyole alfajiri na viroba vyangu vya viazi napeleka Mwanjelwa, nauli yangu na ya mzigo tunaelewana na konda mlangoni, siku kiroba kidogo, siku viwili, siku nimeweka kwenye buti siku nimepakata. Hiyo mashine itakata ngapi kwenye kiroba? Na siku sijauza vizuri namwambia konda baba leo nina mia tano tu, ananijua miaka yote ananibeba, mashine haimjui mtu. Na hizo kadi zikiuzwa elfu tano, mama wa tenga la ndizi anayekuja mjini mara moja kwa wiki atoe elfu tano akae na kadi ya nini?

Ila kuna sehemu ningeitaka hata leo. Wanafunzi. Watoto wetu wanaachwa vituoni Nzovwe na Ilomba na mvua hii ya huku na baridi, konda anaona sare anapiga bati gari iondoke kwa sababu mia mbili haimlipi. Mtoto anafika shule saa tatu. Kama kadi ya mwanafunzi ingekuwepo, mzazi nikaweka nauli ya wiki nzima Jumapili, mtoto hashiki hela na haichezei kwenye barafu na visheti, na ikaonekana kabisa gari ipi inabeba wanafunzi na ipi haibebi, na hiyo inayobeba ikafidiwa kidogo na halmashauri au hata na sisi wazazi tukichangishana, hapo mngetusaidia kweli. Kaka mwenye gari, waulize hao jamaa hiyo ipo?

fundi_wa_mashine

Nafanya kazi na mashine za malipo kwa hiyo nitajibu kitaalamu kidogo, mniwie radhi nikienda mbali.

Kadi yenyewe haina betri. Ndani kuna chipu na waya mwembamba umezungushwa, ukiisogeza kwenye mashine kwa sentimita chache inapata umeme kutoka kwenye mashine yenyewe, wanaongea, imekwisha, chini ya sekunde moja. Hapo hakuna shida. Swali la kuwauliza ni salio linakaa wapi. Kuna mifumo salio limeandikwa ndani ya kadi, mtandao ukikata mashine inakata nauli kama kawaida, inatunza kumbukumbu na kuzituma sava (kompyuta kuu ya kampuni) baadae. Kuna mingine salio lipo sava tu, mtandao ukiyumba konda anabaki ameshika tofali. Msiulize kwa mdomo, watasema ndio kila kitu. Siku wakija kuwaonyesha, chomoa laini kwenye mashine yao, zima waifai, gusisha kadi mara kadhaa muone, halafu rudisha laini muone kama zile kumbukumbu zimepanda zote na nauli haijakatwa mara mbili. Muulize pia kadi ikipotea salio linarudi au linapotea nayo.

La pili, na mimi naliona kubwa kuliko la mashine: hela ya abiria iliyolala kwenye kadi ni ya nani? Watu elfu moja wakiweka elfu tano tano hiyo ni milioni tano ipo kwa mtu. Tanzania kuna Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, huwezi tu kushika hela za watu za kielektroniki bila leseni ya Benki Kuu, na hela za wateja zinatakiwa zikae kwenye akaunti ya amana zisichanganywe na za kampuni. Waambieni waje na leseni yao, au barua ya benki wanayofanya nayo kazi. Kisha nendeni nayo ofisi ya LATRA Mbeya, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, kabla ya kusaini, mfumo unaogusa nauli unawahusu, mabasi ya mikoani tiketi mtandao ilipitia kwao.

Mtu atauliza kwa nini tusitumie lipa namba tu. Kwa konda anayetaka kulipwa kwa simu pale kituoni sawa, ila watu kumi na tano wanashuka Kabwe kwa mkupuo kila mmoja anaandika namba ya siri, gari itaondoka saa ngapi?

Na keshi msiiondoe. London kadi ya Oyster ilianza 2003, mabasi yao yakaacha kupokea keshi Julai 2014, miaka kumi na moja vyote viwili vinatembea pamoja, na wale wana mashine ya kujaza salio kila kona. Dar pia, kivuko cha Kigamboni kadi ya N-Card inaenda vizuri kwa sababu kuna geti, hupandi bila kupita getini. Kosta haina geti, mtu anapandia kituo cha Mama John anashukia popote aliposema shusha. Geti lenu ni konda, kwa hiyo tunarudi palepale alipoanzia yeye.

kosta_uyole

Ndaga fijo, asanteni sana jamani, sikutegemea haya. La kuchomoa laini nalifanya kweli, na leseni nitaiomba kwa maandishi. Mama yangu la wanafunzi sijawahi kuliwaza upande huo, nitawauliza, na hata wasipokuwa nayo nitalipeleka kwenye kikao chetu.

Konda, nimekusoma mara mbili. Tukifanya majaribio kwa gari mbili, mafuta nikaweka mimi kwa akaunti pale sheli ili yasitoke mkononi mwako, ushuru nikalipia mwezi mzima, we ungetaka ulipweje kwa siku? Na suka je? Niambie ukweli usiniogope.

konda_wa_kabwe

Bosi nashukuru kuulizwa. Mimi elfu kumi na tano kwa siku na chakula juu yenu, suka elfu ishirini na tano, na gari ikivuka kiwango tutakachokubaliana kwa wiki tupate kidogo juu ili mtu awe na moyo wa kuita abiria. Iandikwe kwenye karatasi tusaini wote. Ila kuna moja hujaligusa, siku gari ikilala gereji sisi tunalipwa au hatulipwi? Hilo tulimalize kabla mashine haijafika.