Thaimu inayotambaa, pinto au ukoka: nipande kipi mbele ya nyumba?

MamaTwiga (Ngaramtoni, Arusha)
Wadau, habari za leo. Mbele ya nyumba nina mita 6 kwa 4, jua linapiga tangu asubuhi. Ukoka umenichosha: masika naufyeka kila wiki, kiangazi unakauka hata nikimwagilia. Nawaza thaimu inayotambaa, ile ya maua ya zambarau, au pinto yenye maua ya njano. Nani amewahi kuzipanda? Nina watoto wawili, na mpira hauishi.

Sepetu (Nanyuki)
Dada, thaimu yangu ina mwaka wa tatu. Usianze na eneo lote! Ukipanda kwa sentimita 25, ni miche 16 kila mita ya mraba, kwa hiyo utahitaji 384. Mimi nilinunua mitano tu. Baada ya miezi kadhaa niliinua tawi la pembeni nikakuta vijizizi vyeupe vimeshika udongo. Nikakata hapo kwa makasi, nikahamisha kipande pamoja na udongo wake. Ndivyo nilivyoizidisha.

Kazi ni magugu. Mwaka wa kwanza mzima nilikuwa napiga magoti na kisu cha jikoni. Na huo ukoka wako utoe kabisa: chimba, okota mizizi, subiri uchipue, chimba tena. Ukijipenyeza ndani ya thaimu, huwezi kuung'oa bila kuondoka na thaimu.

JiraniWaFeri (Kigamboni)
Huku kwetu thaimu ilinifia masika ya kwanza. Ilioza kuanzia katikati, ikawa nyeusi kama nywele zilizoungua, pembeni bado kijani. Nikahamia pinto, sijajuta. Ni jamii ya karanga, inajitengenezea naitrojeni yake, na inavumilia hata kivuli cha mwembe. Ila haina adabu ya mipaka: imeshaingia kwenye mchicha wangu.

Mzee wa Vyungu (Leeds, Uingereza)
Thaimu hii, Thymus serpyllum, asili yake ni huku Ulaya, kwenye ardhi kavu ya mchanga. Theluji haiiui, maji yakituama kwenye mizizi ndiyo yanaiua. Kwa hiyo MamaTwiga, kama udongo wako unashika maji, inua tuta na uchanganye changarawe. Samadi usiweke, itarefuka ovyo na kuacha upara katikati.

Huku inachanua Juni na Julai. Maua yakiisha naipunguza kwa makasi, lakini sigusi sehemu iliyokomaa ikawa kama kijiti, maana hapo haichipui vizuri. Tena chagua aina yako vizuri: ile yenye majani ya manyoya inapendeza kuigusa, lakini maua yake ni ya kuhesabu.

MamaTwiga
Asanteni. Nimeona mtandaoni mbegu za thaimu ya bluu, bluu kabisa kama bahari. Niagize?

Sepetu
Usitupe hela. Thaimu ina maua ya zambarau, waridi, wekundu wa waridi na meupe. Bluu ya namna hiyo imetiwa na kompyuta. Na mbegu halisi ni ndogo mno, unazimwaga juu ya udongo bila kuzifukia, kisha unasubiri. Tafuta mche.

Kuhusu mpira, hapana. Thaimu inavumilia mtu anayepita, si mechi. Na ikichanua, nyuki hujaa. Mwanangu alikanyaga mmoja pekupeku, tukasikia mtaa mzima.

JiraniWaFeri
Pinto nayo haipendi mechi, tusidanganyane. Kwa mpira, ukoka ndio wenyewe.

MamaTwiga
Basi ukoka unabaki uwanjani kwa watoto, nitauzuia kwa kingo ya matofali. Thaimu miche mitano, kati ya mawe ya njia ya kuelekea mlangoni, pale maji hayatuami. Pinto nitaijaribu chini ya mparachichi, ambako hata ukoka umekataa. Kuna mtu wa Arusha mwenye vipande vya pinto? Nalipa kwa maparachichi.