Homa ya maziwa uzao wa pili mfululizo: niongeze kalsiamu kabla hajazaa?

Mfugaji_Njoro:
Wakuu, hamjambo. Nina ng'ombe Friesian wa uzao wa nne. Mara mbili ameanguka siku ileile ya kuzaa kwa homa ya maziwa (kalsiamu ya damu hushuka ghafla): masikio baridi, shingo imepindia ubavuni. Akikaushwa (akiachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa) hula nyasi ya nepia iliyomwagiwa samadi, alfalfa na magadi. Jirani ashauri nimwongezee kalsiamu. Zimebaki wiki 5.

Vet_Rongai:
Usiongeze! Lita 10 za dang'a (maziwa ya kwanza) huondoka na kalsiamu gramu 20 hivi, na maji ya damu yake yote yana gramu 3 tu. Pengo huzibwa na mifupa na utumbo, kwa amri ya homoni ya parathairoidi. Homoni hiyo ikishika vipokezi vya mfupa, mfupa huachilia kalsiamu. Ikishika vya figo, figo huamsha vitamini D, nayo husukuma utumbo ufyonze zaidi. Ukimshibisha kalsiamu akiwa amekauka, mtambo huo wote unalala, na kuuamsha huchukua siku kadhaa. Dang'a haingoji.

Lishe_Molo:
Mimi naona mkosaji mkuu ni ile nepia. Samadi huijaza potasiamu, na ukijumlisha magadi, damu inaelemea upande wa alkali. Hapo kipokezi hupinda umbo: ufunguo upo, kitasa kimeharibika. Magnesiamu ikipungua nayo, homoni hata ikishika, ujumbe hauingii ndani ya seli.

Wiki 3 za mwisho ondoa magadi, molasi na alfalfa. Mpe nyasi kavu za Boma Rhodes na sileji ya mahindi. Ukitumia chumvi za anioni (huvuta damu kuelekea asidi), changanya kwenye sileji maana ni chungu, atasusia chakula. Pima mkojo kwa karatasi ya pH: 6.0 hadi 6.8 ni sawa, chini ya 5.5 umezidisha.

Bahati_Maziwa:
Umri pia. Vipokezi vya vitamini D utumboni hupungua kadiri anavyozeeka, na Jersey anavyo vichache tangu mwanzo. Mtamba ni nadra kuanguka.

Mfugaji_Njoro:
Asanteni. Na akianguka tena?

Vet_Rongai:
Mkalishe kwa kifua, umwegemeze kwa gunia la nyasi. Akilala ubavu tumbo hujaa gesi. Usimnyweshe chochote, koo limelegea na kitaishia mapafuni. Ita daktari mara moja: kalsiamu borogluconate ya asilimia 40, ml 400, ikiwa na joto la mwili, mshipani polepole kwa dakika 10 hadi 20 huku akisikiliza moyo. Ikikimbizwa, moyo husimama. Akishainuka, siku 2 za kwanza usimkamue hadi tone la mwisho. Toa ya ndama tu.