Neno gani linamfaa mtoto anayejua kuwasitiri wenzake?

Mwalimu_Moro
Habari zenu wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa darasa, Kidato cha Pili, Morogoro. Wiki hii tunajaza ripoti za wazazi na nimekwama kwa mwanafunzi mmoja. Fomu ina sehemu ya tabia: heshima, utii, usafi, ushirikiano, uaminifu. Hapo unaweka herufi tu. Chini kuna mistari miwili ya maoni ya mwalimu wa darasa, na hapo ndipo ninapotafuta neno lenyewe.

Binti huyu ndiye mweka hazina wa darasa. Tulikuwa tunachangisha nauli ya kwenda Kaole, Bagamoyo, kuona magofu kwa ajili ya somo la Historia. Siku ya mwisho mwalimu mwenzangu akamwambia asome majina ya ambao hawajatoa. Akasimama, karatasi mkononi, akasema: "Mwalimu, wengi wameshatoa. Waliobaki nimeshaongea nao, naomba nikuletee orodha ofisini." Akaikunja karatasi mara mbili, akakaa. Kuna watoto walikuwa wameshainamisha vichwa, nikawaona wanaviinua.

Sasa nikiandika "ana adabu" nitakuwa nimesema nini? Nimeshaliandika kwa nusu ya darasa. "Mpole" si kweli, kwenye mdahalo huyu ndiye anayewika. "Ana hekima" naliona zito kwa mtoto wa miaka 15. Nisaidieni.

BintiMkunazini
Mwalimu, neno lako ni staha. Adabu mtoto hufunzwa, na mara nyingi huionesha mbele ya mkubwa: anaamkia, anapokea mzigo, hajibizani. Staha utaiona pale anapoweza kumfedhehesha mtu na asifanye. Kwetu Unguja mtu akisema "kanistahi", maana yake yule aliijua aibu yake na akaipitia mbali. Andika: "Anajua kuwastahi wenzake." Ila usiandike "ana stara", mzazi atadhani unasifu mavazi.

Mvita_Kale
Staha naiunga mkono, lakini kauli nayo isisahaulike. Huyo binti hakunyamaza tu. Aliambiwa na mwalimu afanye jambo, hakulifanya, na mwalimu hakuvunjiwa heshima! Tazama alivyoanza na "wengi wameshatoa", kisha "naomba". Huku Mombasa hiyo twaiita kauli njema. Mwana Kupona wa Pate alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858 alimuusia adabu na papo hapo ulimi wa thawabu, hakuvitenga. "Muungwana" pia lingefaa, ingawa zamani pwani lilikuwa na maana ya mtu huru, asiye mtumwa, na mimi bado naisikia maana hiyo ndani yake. Kwa mtoto wa shule silipendi.

Baba_Wawili
Mimi ni mzazi, niko Geita. Ripoti ya mwanangu huwa naisoma kwa sauti, bibi yake anasikiliza, na Kiswahili si lugha yake ya nyumbani. "Staha" ataniuliza ni nini. "Busara" analijua, kila kikao cha ukoo limo. Lakini neno lolote utakaloweka, tafadhali mwalimu, mweleze mzazi kitendo chenyewe. Mimi nikiletewa habari ya karatasi ile ningefurahi mwaka mzima.

Mkazo255
Mnamkuza mno. Aliambiwa asome, angesoma. Andika heshima, yatosha.

Mwalimu_Moro
Mkazo, hapo sikubaliani nawe kabisa. Angeyasoma majina yote ningempa A ya utii na watoto wale wangekaa na fedheha hadi siku ya safari, na wengine wasingekuja shule kesho yake. Nimewaona wa namna hiyo. Aliwalinda wao bila kumwangusha mwalimu, na hilo herufi ya heshima hailielezi.

Nimeandika hivi, nisahihisheni kabla sijatia wino: "Ana busara na staha. Alipotakiwa kuwataja hadharani wenzake waliokosa nauli, aliomba kwa kauli njema apeleke majina ofisini." Busara nimeitanguliza kwa ajili ya bibi wa Geita na wenzake.

BintiMkunazini
Nzuri sana, ila toa "waliokosa nauli". Ripoti hiyo itasomwa hata na jirani, naye mwanawe yumo darasani humo. Weka tu "alipotakiwa kuwataja wenzake hadharani". Mzazi wake akitaka kujua zaidi atakuja kukuuliza ofisini.