Ukoo wa Barabara ya 14

Alhamisi, 26 Juni 2025

Mama Rama [19:12]: Assalaam alaykum ukoo. Someni hili WOTE, na msisome mkanyamaza kama kawaida yenu. Hamza anagombea umeya wa Jiji letu la Tanga. Fomu zinaanza Jumamosi, mwisho Jumatano. Kila mtu aandike jina na kiasi:
1. Mama Rama 100,000 (nimeshatoa)
2.
3.

Mama Rama [19:13]: Nakili, ongeza jina lako, bandika. Usifute la mwenzako kama mlivyofanya arusi ya Tausi.

Salim Dar [19:40]: 2. Salim: dua

Mama Rama [19:41]: Salim.

Salim Dar [19:41]: Dua nzito lakini.

Zuhura [19:55]: Shikamoo shangazi. Samahani, fomu ya umeya Jumamosi haipo. Ba'mdogo anachukua ya udiwani, ya kata. Apite kura za maoni ndani ya chama, jina lirudi kutoka vikao vya chama, Oktoba 29 ashinde kata, ndipo madiwani wakikaa kikao cha kwanza wamchague meya miongoni mwao. Sisi wananchi meya hatumpigii kura.

Mama Rama [19:57]: Marahaba. Si umeya huo huo?

Zuhura [19:57]: Bado sana shangazi. Na kata ziko 27, ukijumlisha viti maalumu na wabunge, hao wote wana kura mle ndani.

Salim Dar [19:58]: Kwa hiyo mtu kaaga anakwenda Maka, kumbe ndio kwanza anapiga picha ya pasipoti 😂

Swabra Mombasa [20:02]: Ati hamumchagui meya wenu? Sie huku mameya waliisha 2013, sasa ni gavana na twampigia kura wenyewe. Mama Rama, mlete Hamza huku.

Salim Dar [20:03]: Sie Dar lilivunjwa Jiji lenyewe 2021, wakaipa Ilala hicho cheo. Kaka Hamza afanye haraka kabla Tanga haijawa kijiji.

Mama Rama [20:04]: TUSITOKE NJE YA MADA. Nina watu 43 humu ndani, naona tiki za buluu, naona orodha ina jina langu na dua ya Salim.

Baba Tausi [20:15]: Nami nimefanya kazi halmashauri mpaka nikastaafu, kwa hiyo niwaambie mapema. Meya anaongoza baraza la madiwani na kamati ya fedha na uongozi. Kalamu ya hela anayo Mkurugenzi, na Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Wanaodhani Hamza atawagawia vibanda sokoni wakae chini wanywe maji.

Salim Dar [20:16]: Sasa sie tunachanga ili iweje?

Baba Tausi [20:18]: Mulizeni anayechangisha. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Mikopo ilisimama 2023, mwaka jana ikarudi. Na kuna mtu humu ana kikundi cha wanawake cha kushona mashuka.

Salim Dar [20:18]: Ahaaa. Ndio maana laki nzima imetoka bila kuvutwa 😂😂

Mama Rama [20:20]: Kikundi changu kina katiba na kimesajiliwa. Na mkopo haupitii kwa meya. Baba Tausi, kama huna hela sema huna.

Baba Tausi [20:21]: Sina.

Mama Rama [20:24]: Tuendelee. Jumapili naandaa hitma hapa nyumbani, mchele kilo 50, mbuzi wawili. Wajumbe wa kata nimeshawaalika.

Zuhura [20:25]: Hitma ya nani shangazi?

Mama Rama [20:25]: Ya babu yenu.

Zuhura [20:26]: Babu tumemsomea Rajabu.

Mama Rama [20:26]: Dua haizidi.

Zuhura [20:29]: Shangazi, hiyo ndiyo takrima, kuwalisha wapiga kura ili wakuchague. Mahakama Kuu iliifuta tangu 2006, na kuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, msimu huu wananusa pilau kuliko sisi. Tena safari hii wapiga kura wa ndani ya chama wameongezwa, mbuzi wawili hata harufu haitawafikia.

Swabra Mombasa [20:30]: 😂😂😂 nyama ya mkutano

Mjomba Bakari [20:31]: Kata gani anagombea?

Mama Rama [20:32]: Shikamoo mjomba. Hapa hapa kwetu, aende wapi tena.

Mjomba Bakari [20:33]: Sawa. Na mabati?

Mama Rama [20:41]: Mjomba, hilo si la leo.

Mjomba Bakari [20:43]: La lini? 2015 mlisema tusubiri uchaguzi uishe. Umekwisha huo, wa 2020 umekwisha, sasa unakuja mwingine. Mabati thelathini, geji 28, niliyanunua mwenyewe nikayapanga uani kwa Bi Mkubwa. Nakwenda Jumatatu, uani wamo kuku tu. Nayakuta Barabara ya 16, yamewafunika wacheza bao. Na kura Hamza akapata kumi na moja.

Hamza [20:50]: Kumi na mbili.

Salim Dar [20:50]: Meya kaingia mtandaoni 😂

Mama Rama [20:51]: Hamza! Tangu saa moja nakupigia!

Hamza [20:53]: Niko Muheza napakia machungwa, lori halijajaa. Shikamoo mjomba.

Mjomba Bakari [20:54]: Mabati.

Hamza [21:02]: Mjomba, nitasema. Kwanza nieleze kwa nini nataka. Bandari yetu imechimbwa kina, gati limejengwa upya, meli zinafunga gatini badala ya kungoja matishari huko nje. Bomba la mafuta linatoka Uganda kuja kuishia Chongoleani. Na vijana wa mtaa wetu bado wanapanda basi la Dar kwenda kutafuta kazi. Nataka niwemo mle barazani, nisikie yanavyopangwa, niulize. Umeya ni maneno ya dada, mie nilisema udiwani.

Mama Rama [21:03]: Ukianza kwa kuomba kidogo utapewa kidogo zaidi.

Baba Tausi [21:05]: Na umeya wa 2015 hapa hapa Tanga mmeusahau? Kila upande unadai meya ni wake, mpaka vikao vikakwama. Hamza, una moyo?

Salim Dar [21:06]: Moyo anao, mabati ndio hana.

Rukia [21:20]: Shikamooni. Bi Mkubwa kaniambia nimsomee yote kuanzia juu. Nimemsomea. Kasema niandike anavyosema, nisipunguze neno.

Rukia [21:26]: "Hamza. Baba yako alikuwa akipima katani ya mkonge Amboni, na akishapima yeye hakuna aliyerudia mizani. Fomu sikukatazi, chukua. Masika haya nimehamisha kitanda mara mbili, na usiku Rukia anaweka sufuria katikati ya chumba, asubuhi tunamwaga. Mabati nimeyanyamazia miaka kumi, nangoja uyataje wewe. Hukuyataja, kayataja Bakari. Dua yangu iko humu ndani mwangu. Ukija kuichukua, uje na fundi."

Rukia [21:27]: Kaishia hapo. Kasema nizime simu yake, anaswali.

Salim Dar [21:27]: Ujumbe huu umefutwa

Zuhura [21:34]: Shikamoo Bi.

Swabra Mombasa [21:36]: Shikamoo Bi Mkubwa. Twakusikia.

Mama Rama [21:48]: Tumekusikia Bi. Hitma ya Jumapili imeahirishwa. Mbuzi nitawarudisha.

Hamza [22:10]: Bi, shikamoo. Umesema kweli tupu. Kesho baada ya Ijumaa nakuja.

Mjomba Bakari [22:11]: Na fundi?

Hamza [22:30]: Fundi wangu yuko huku Muheza anatengeneza kibanda cha mtu. Nitamuuliza.

Mjomba Bakari [22:31]: Geji 28. Usije na yale ya 32 yanayokunjika kama karatasi ya maandazi.

Zuhura [22:33]: Fomu ya udiwani ni elfu hamsini tu, shangazi. Laki yako inaweza kugawanyika.

Mama Rama [22:40]: Haya, orodha mpya. Ile ya kwanza msiitumie.
1. Mama Rama 100,000 (50,000 fomu, 50,000 mabati)
2. Salim: dua + bati MOJA
3. Swabra: atatuma kwa hela za Kenya
4. Mjomba Bakari: hachangi, anasimamia
5. Baba Tausi: ngazi
6.

Salim Dar [22:41]: Nani kanipangia bati?

Mama Rama [22:41]: Mimi.

Ijumaa, 27 Juni 2025

Nassor Maskati [01:17]: MashaAllah Hamza hongera sana!! Umeya si mchezo, umetutoa kimasomaso. Sherehe lini nikate tiketi?

Mama Rama [05:38]: Nassor, hajashinda. Hata fomu hajachukua. Wewe namba 6, andika kiasi.

Mama Rama [07:02]: Nassor nakuona upo hewani.

Mama Rama [09:15]: Leo saa nane mchana kwa Bi Mkubwa. Hamza umeshatoka Muheza? Nani anakuja? Zuhura, fomu Jumamosi wanafungua saa ngapi?

Zuhura [10:20]: Naulizia shangazi.

Hamza [11:05]: Lori limejaa ila tairi. Nitajitahidi.

Mjomba Bakari [11:06]: Nipo barazani kwa Bi tangu saa nne. Ngazi iko wapi?

Baba Tausi [11:30]: Ngazi yangu unayo wewe Bakari tangu Mfunguo Mosi.