Wabeba boksi Marekani, ovataimu (malipo ya masaa ya ziada) ulipigwaje? Tupeane uzoefu

Mkwaju_Houston: Natafuta karatasi za kodi, nimekutana na stabu (vipande vya cheki) za mshahara za 2019. Moyo umeuma upya. Nilikuwa natunza wazee, dola 10 kwa saa. Wiki moja bosi ananipanga masaa 60, inayofuata 20. Nikiuliza ovataimu: "Jumla 80, ni 40 kwa 40, hujazidisha kitu." Mbongo mwenzetu, tunasali naye, namwita mama. Nikaamini miezi minane! Mmeksiko wa jikoni ndiye aliyenichorea hesabu kwenye boksi la glovu: kila wiki inahesabiwa peke yake, yale 20 ya juu ni dola 15 kila saa. Kila cheki ya wiki mbili nilikuwa naacha dola 100 mezani. Nilijifungia chooni nikalia. Nilipomwuliza akasema, "Mwanangu, nani alikupokea uwanja wa ndege?"

kidagaa: Hiyo ya 60/20 naijua. Acha tu.

BintiLamu: Mimi nilipewa cheki mbili za majina ya kampuni tofauti. Nyumba mbili za wazee, mwenyewe mmoja, 40 huku 40 kule. Nilijiona mjanja nina kazi mbili, kumbe ni 80 za bosi mmoja.

Sacramento_boy: Poleni. California ukipita masaa 8 kwa siku unalipwa mara moja na nusu, ukipita 12 ni mara mbili.

Mzee wa Dallas: Fiksi hizo. Sheria ni 40 kwa wiki.

Sacramento_boy: Ya kwenu mzee. Jimbo likiongeza, unalipwa ya jimbo. Nyie Texas mmebaki na kima cha chini cha dola 7.25 kwa saa tangu 2009.

Mzee wa Dallas: Na chumba hapo kwako unalipa ngapi? Kimya.

tausi88: Naingia usiku masaa 12, wananikata 8 eti nalala. Halali?

BintiLamu: Zamu isiyofika masaa 24 hawakati, dada. Andika masaa yako kwenye daftari lako, usitegemee mashine yao.

kidagaa: Nenda Idara ya Kazi, hawaulizi makaratasi ya uhamiaji.

Mzee wa Dallas: Nenda, halafu uone nani atakuita harusini.

Sacramento_boy: Mkwaju ya kwako imeshalala. Muda wa kudai ni miaka 2, au 3 kama alikusudia.

Mkwaju_Houston: Najua. Mwezi jana nimechangia msiba wake dola 100.

kidagaa: 😂😂 Zilezile!

tausi88: Samahani, hiyo nyumba bado inaajiri?