Nataka kununua gari-nyumba lililotumika, lipo Kigoma: naombeni ushauri kabla sijatoa pesa

Mrina Asali (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Niko Tabora mjini. Nanunua asali na nta kwa warina asali wa Sikonge, Inyonga na upande wa Kaliua, nawauzia wateja wa Dar na Mwanza. Msimu ukichanganya silali nyumbani, na gesti za huko wote tunazijua: godoro limebonyea, maji ya ndoo, muziki wa baa mpaka alfajiri.

Sasa nimeonyeshwa gari-nyumba moja Kigoma, maeneo ya Bangwe. Ni Fiat Ducato ya 2004, dizeli, injini 2.3. Ndani kuna kitanda cha watu wawili juu ya dereva, kingine nyuma, jiko la gesi, friji, choo, bafu dogo na tangi la maji. Wenyewe ni mtu na mkewe kutoka Ujerumani, waliingilia Manyovu wakitokea Burundi, wakapata msiba kwao wakapanda ndege. Gari wamemwachia mwenyeji wao aliuze. Bei milioni 32. Nimeliwasha, injini inanguruma vizuri, moshi hakuna.

Sijawahi kumiliki gari la aina hii. Niangalie nini ambacho kwenye gari la kawaida nisingeangalia? Litahimili njia zetu? Na nikirudi kutoka porini, linaweza kubeba ndoo kama 40 za asali, zile za lita 20?

Nawasilisha.

Mwisho wa Reli

Milioni 32 Ipuli unajenga vyumba vyako vitatu, kimoja unalala, viwili unapangisha. Wanyamwezi mkipata hela mnatafuta pa kuipeleka 😂 Haya, wataalamu waje, nimekaa.

Fundi wa Gungu

Mkuu, nianze na asali maana hapo ndipo umenishtua.

Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ina karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo yako ya lita 20 ni kilo 28 hivi. Ndoo 40 ni kilo 1,120. Hizo Ducato nyingi za kulala zimeandikishwa kwa uzito wa juu wa kilo 3,500, na likiwa tupu na vitanda vyake, friji na jiko, tayari limekaribia kilo 3,000. Kinachobaki ndicho unachogawana wewe, abiria, mafuta, mtungi, maji na nguo. Tangi la lita 100 likijaa ni kilo 100. Utabeba ndoo za kuonja tu, mkuu.

Kibao cha uzito kiko kwenye bodi upande wa injini au karibu na mlango, kisome mwenyewe, usiambiwe. Halafu tafuta mzani mlipime likiwa tupu.

La pili, hiyo gari inavutwa na tairi za mbele. Uzito wote uko nyuma, mshiko wa kuvuta uko mbele. Kwenye lami hutaona tofauti. Njoo nayo Januari kwenye mlima wa udongo mwekundu, tairi za mbele zitazunguka pale pale kama feni huku nyuma inakuvuta bondeni. Na sanduku limetokeza mbali nyuma ya tairi, kila korongo linaburuza bampa na bomba la maji machafu.

Spea: Toyota hapa Kigoma napata hata usiku. Ya Fiat utaagiza Dar, ukikosa utaagiza nje. Uliza mkanda wa taiming umebadilishwa lini na uone risiti. Ukikatika kwenye injini hiyo, valvu na pistoni vinagongana na unaanza kutafuta injini nyingine.

Tairi usiangalie kashata (meno ya tairi) peke yake. Magari haya hupaki muda mrefu, tairi inazeeka ikiwa na kashata nzima. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1915 maana yake wiki ya 19 ya mwaka 2015. Ukikuta hivyo, hesabu bei ya tairi zote ndani ya hizo milioni 32.

Injini kunguruma vizuri sishangai. Kwenye gari hizi injini ndiyo huwa nzima, nyumba ndiyo inayokuwa imeoza.

Kibali Mezani

Swali moja tu kabla ya yote. Lina namba gani?

Mrina Asali

Asante sana Fundi, suala la uzito sikulipigia hesabu kabisa.

@Kibali Mezani bado lina namba za Ujerumani, usukani uko kushoto. Mwenyeji anasema kubadili ni kwenda TRA na kulipia kadi mpya, siku moja tu. Ni mtu wa heshima zake, mzee wa kanisa.

Kibali Mezani

Nilijua. Sisemi mzee ni tapeli, inawezekana kabisa hajui anachokiuza.

Mgeni anayepita na gari lake halipi ushuru. Anaingia kwa kibali cha muda au kwa kaneti, kile kitabu cha forodha ambacho klabu ya magari ya kwao inakuwa mdhamini. Masharti ni kwamba gari litatoka, na likitoka kitabu kinagongwa muhuri. Likiuzwa ndani bila forodha kujua, serikali inamdai mdhamini, mdhamini anawadai wale Wajerumani, na gari lenyewe linabaki halijalipiwa ushuru, linakamatika popote litakapokutwa. Litakutwa na wewe.

Kulihalalisha inawezekana, ila ni kama unaliingiza nchini leo. Gari-nyumba kiforodha linakaa kundi moja na magari ya abiria, haliko kwenye malori, kwa hiyo usidanganywe kwamba ni "gari la kazi". Kuna ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, ushuru wa uchakavu ambao kwa gari lililozidi miaka 10 ni 30%, halafu VAT 18% inapigwa juu ya mlundikano wote huo. Na hawahesabu kwa bei mliyopatana Bangwe. Wanahesabu kwa thamani yao ya forodha. Kuna kikokotoo cha TRA mtandaoni cha magari yaliyotumika, lakini hilo la kwako ni adimu, nenda ofisini na nakala ya kadi ya Ujerumani wakufanyie makisio kwa maandishi.

Kwa mzee, omba vitu vitatu: kadi halisi ya gari, kibali au kaneti waliyoingilia Manyovu, na hati ya uwakilishi yenye saini za wenye gari, iliyothibitishwa na mwanasheria. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "uza tu mzee" si hati. Angalia kibali kinaisha lini. Kama kimeshapita, hapo kuna faini juu yake.

Na hata karatasi zote zikiwepo, usitoe hela yote mkononi. Ushuru ulipwe kwanza, kadi itoke kwa jina lako, ndipo mmalizane.

Mwisho wa Reli

Aisee. Narudi kukaa, sasa nimenyamaza.

Mama Migebuka

Kaka Mrina, mimi nafanya minada ya vitenge, Kasulu, Kibondo, Kakonko, narudi Mwandiga. Ninalo Hiace la kulala, la Kijapani, kwa hiyo nisikilize na mimi mwanamke.

Adui wa haya magari ni maji. Bodi ya nyumba si bati tupu kama Hiace ya daladala. Ni fremu ya mbao na plaiwudi, nje wamevalisha bati jembamba au faiba. Silikoni ya kwenye maungio ikichoka, mvua inapenya taratibu, mbao inaoza kwa ndani na wewe unaona ukuta umepakwa vizuri. Gari limetoka Ulaya likiwa kavu, limepigwa na mvua za ziwani na jua la huku, limepaki Bangwe halina hata turubai.

Nenda siku mvua imetoka kunyesha. Usipige simu kwamba unakuja, watafungua madirisha na kupuliza marashi. Ukiingia, simama unuse kwanza. Harufu ya uvundo haijifichi. Halafu bonyeza kuta kwa dole gumba, hasa kona za juu, kuzunguka madirisha, chini ya kile kidirisha cha paa, na kile kitanda cha juu ya dereva, hapo ndipo panapoanza. Inua godoro. Fungua kila kabati, ingiza mkono mpaka mwisho. Tembea sakafuni ukikanyaga kwa kisigino. Panapobonyea pameoza. Ukiona silikoni mpya nyeupe mahali pamoja tu, uliza kwa nini pale.

Kama mvua haipo, omba mpira wa maji, mwagia paa na kona kwa muda wa kutosha, kisha ingia na tochi.

Umeme nao. Vifaa vya gari la Kijapani ni vya volti 100, ukichomeka kwenye umeme wetu wa 230 unasikia harufu tu. La kwangu nimeweka transfoma ya kushusha, baadaye nikabadilisha nikabaki na sola, betri ya pili na taa za volti 12, basi. Hilo la Mjerumani vifaa vyake ni 230, hapo huna shida. Shida yake ni gesi. Regulata ya kwao haikai kwenye mitungi yetu, utahitaji fundi anayejua abadilishe, na mipira ya gesi ina mwaka umeandikwa, ikizeeka usiiwashe. Unalala humo humo.

Halafu friji lile la gesi na umeme linataka gari lisimame sawa. Ukipaki kwenye mteremko halipoi.

Choo utakipenda wiki ya kwanza 😄 Kumbuka lile boksi kuna mtu lazima alimwage.

Dereva wa Nzega

Niongezee kuhusu usukani wa kushoto. Barabara yetu ina malori ya Burundi na Kongo. Kutaka kulipita lori ukiwa umekaa kushoto lazima utoe gari zima ndipo uone mbele. Peke yako porini bila wa kukuangalizia, mimi siwezi. Na mlango wa nyumba kwenye magari ya bara la Ulaya uko kulia, kwetu unashukia barabarani kwenye magari.

Pia urefu kwenda juu. Hizo zenye kitanda juu ya dereva zinakaribia mita 3. Tabora ni mji wa miembe, unajua mwenyewe matawi yalivyo chini.

Jembe la Urambo

Kwa nini usinunue Hiace tupu lenye namba zetu, ukachongesha kitanda? Seremala wa Tabora atakupigia cha mninga kizuri kitakachodumu kuliko gari lenyewe.

Fundi wa Gungu

Wazo zuri ila si mninga jamani! Mninga ni mzito, mnarudi kule kule kwenye uzito. Plaiwudi ya milimita 12 na fremu ya mirija myepesi, kwisha.

Mrina Asali

Wakuu, mrejesho.

Nilikwenda Kigoma bila taarifa, usiku ilikuwa imenyesha. Mama Migebuka, Mungu akubariki. Kona ya juu kushoto ya kile kitanda cha mbele dole gumba liliingia. Siyo kubonyea, liliingia. Kabati la chini yake plaiwudi inapukutika kama mkate uliolowa. Tairi mbili zimeandikwa 13 mwishoni.

Karatasi: kadi ya Ujerumani ipo, nakala. Kibali cha muda kimeshaisha. Hati ya uwakilishi hakuna, kuna barua pepe. Nilimweleza mzee habari ya forodha kama alivyoandika Kibali Mezani, akaishiwa nguvu, maana kumbe wamemwacha na mzigo ambao na yeye unaweza kumtia matatani. Ameshuka mpaka milioni 18. Moyo umeanza kucheza tena, nakiri.

Kibali Mezani

Hata milioni 5 bado si gari lako mpaka ushuru ulipwe. Mwambie mzee aende forodha mwenyewe akaeleze lilipo na lilivyobaki, kabla hawajamfuata. Akienda kwa miguu yake atasikilizwa vizuri zaidi. Wewe kaa pembeni.

Mama Migebuka

Kona kuoza si kona moja. Ukifungua utakuta imefuata fremu yote ya mbele. Fundi wa hiyo kazi Kigoma sijamwona, na mimi natembea.

Mrina Asali

Basi nimeachana nalo. Sasa nimeona Hiace mbili za paa refu, zote zina namba D za usajili wa hapa Tanzania na kadi zipo, moja Kahama moja Tabora hapa hapa. Ya Kahama ina injini ya dizeli ya zamani, aina ya 5L, ya Tabora ina injini ya 1KD ya turbo. Nitachongesha kitanda na jiko, asali itakuja na Canter ya kukodi. Fundi, ipi?

Fundi wa Gungu

5L. Haina mbio, mlima utapanda ukiwa umeshaimba nyimbo zote, lakini haina mambo mengi na mafuta ya kwenye madumu ya Inyonga itayavumilia. 1KD ni tamu ila nozeli zake hazitaki mafuta machafu, na seti ya nozeli ni hela ya kununua ng'ombe kadhaa.

Kabla hujalipa: linganisha namba ya chesesi ya kwenye fremu na ya kwenye kadi, kwa macho na kidole, angalia kama pamesuguliwa. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi uone faini zinazodaiwa, maana zitakufuata. Thibitisha bima. Na kama lilikuwa daladala, lala chini yake uangalie fremu imechomelewa wapi.

Mrina Asali

Jumamosi naenda Kahama na ovaroli. Kuna mdau wa huko anifahamishe fundi wa kuaminika wa kwenda naye? Inboksi tafadhali.